Begi la Kunirudisha Kwetu

Siku ya kuagwa kwangu shuleni Tunduma, walimu wenzangu waliingia ukumbini wakicheza, wamebeba begi jekundu la magurudumu walilolinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Vigelegele vikapigwa. Ndani mlikuwa na kahawa ya Mbozi na vitenge vya dada zangu. Mimi sina dada.

"Hivi upeleke nyumbani Armenia, mwalimu," alisema mwenyekiti wa kamati ya kuniaga, mama mwenyeji wa Isongole ambaye amefundisha Kiswahili miaka yote darasa la jirani na langu. "Waambie ndugu zako tulikutunza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Armenia sijawahi kuikanyaga. Nilizaliwa Beirut, nikaja huku kijana, nikafundisha jiografia hadi nikaota mvi. Aliyekikimbia kijiji chetu ni babu yangu, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kijiji chenyewe leo kiko nchi nyingine, si Armenia. Lakini kila mwaka nilichora mlima ubaoni nikasema, "Huu uko kwetu." Jioni niliandika vitabu kuhusu bustani za aprikoti ambamo sijawahi kuchuma hata tunda moja. Wasomaji wangu, Waarmenia wa ughaibuni kama mimi, wakanisifu kwamba nakumbuka vizuri. Nakumbuka nini? Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinifikisha hadi kustaafu.

Pilau ikapakuliwa. Nikawaona walimu wapya, ambao mishahara yao haijatulia, nao wamenichangia nauli ya kwenda Armenia. Nikaiweka sahani chini. Nikasimama, nikasema yote: kwamba sijafika huko, sina ndugu huko, na nimeshanunua kiwanja hapo jirani, Mpemba, nizeekee hapahapa.

Wengi walicheka, wakadhani ni utani wangu wa siku zote. Mama wa Isongole hakucheka. Alifunga zipu ya begi taratibu, akaja kukaa karibu yangu.

"Kwa hiyo kwenu ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

"Mbona hukuwahi kusema?" Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililoniumiza. "Tulipomzika mama yangu, wanaume wote wa shule walikwenda kukaa na kaka zangu kwenye moto wa matanga, kama watu wa nyumbani. Wewe ulikaa kwenye viti vya wageni. Nikasema moyoni, huyu hana haja na sisi."

Nilikaa huko kweli, na hakuna aliyenipeleka.