Besi wa Sentimita Arobaini na Moja

Mke wangu alienda Kisumu kumuuguza mama yake kwa wiki tatu, akakaa miezi ishirini. Mama mkwe alipona mapema, na hadi leo yuko sawa, anakula na kugombana na majirani. Kilichomzuia mke wangu ni korona. Australia ilifunga mipaka, abiria walioruhusiwa kutua Sydney wakawa wachache, na kila alipopata kiti aliondolewa kwenye orodha siku mbili tatu kabla ya safari. Mara ya kwanza nililia chooni kazini. Mara ya tatu nilisoma ujumbe wake, nikarudisha simu mfukoni, nikaenda kumgeuza mgonjwa.

Mimi ni nesi. Wakati huo nilikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua huko Blacktown, magharibi ya Sydney, na nyumbani kwetu ni St Marys, karibu na hapo. Nilikuwa natoka kazini, naoga, nakula mkate nimesimama, nalala. Watu wa kanisa walinipigia kuuliza ninavyoendelea, nikawa nawajibu kwamba niko sawa, na kwa kweli sikuwa nadanganya. Sikuwa na huzuni wala hasira. Ningekanyaga msumari ningetazama tu damu.

Jirani yangu, Mzungu mzee aliyestaafu udereva wa malori, ndiye aliyenipeleka mtoni. Chama chao cha wavuvi kilikuwa kimefungwa, na mwenzake wa miaka mingi alikuwa amekwama Queensland. Siku moja, akiwa upande wake wa ua, aliniuliza kama najua kuvua. Nilimwambia sijawahi kushika ndoana maishani. Akasema vizuri, basi sitakuwa na tabia mbaya za kuondolewa.

Hapa inabidi nieleze jambo. Mimi ni mtu wa milimani, upande wa Nyeri, na wazee wetu hawakuwa wanakula samaki. Kwetu samaki alikuwa binamu wa nyoka. Mke wangu ni mtu wa ziwani, ambako mgeni asiyepewa samaki hajapokelewa. Nilipoenda kwao kujitambulisha waliniwekea samaki mzima kwenye sinia, jicho likinitazama, na mashemeji wote wakingoja nianze. Nikasema nina mzio, kwamba daktari alinikataza. Mke wangu alijua pale pale kwamba ni uongo. Akaniokoa, akamweleza mama yake kwamba ngozi yangu huvimba. Kwa miaka kumi na miwili aliulinda uongo huo kama wake. Alikuwa na sufuria yake ya samaki, alipika nikiwa kazini, alifungua madirisha kabla sijarudi, na akienda kwa marafiki alikula huko ili asinisumbue. Sikuwahi kumshukuru, nilichukulia ni haki yangu.

Kwa hiyo nilipoanza kwenda mtoni Nepean kila siku ya mapumziko, sikumwambia. Ningeanzia wapi? Nilimwambia jioni hizo ninalala kwa sababu ya zamu za usiku.

Samaki tuliyemfuata ni wa mtoni, wanamwita besi. Ni mnene, mgongo wa rangi ya shaba iliyochakaa, na anakaa chini ya matawi yanayoinamia maji. Kiangazi nyenze hulia kwenye miti mpaka masikio yanauma, na wengine huanguka mtoni. Besi anawangoja. Sisi tulitupa chambo bandia chenye umbo la nyenze, cheusi, chenye mabawa ya plastiki. Jirani alinifundisha kukirusha chini chini kipite chini ya tawi, kisha nisifanye chochote. Hapo ndipo wengi hushindwa. Unangoja viduara vya maji viishe kabisa, unahesabu hadi kumi, halafu unatikisa ncha ya fimbo mara moja tu. Kwa kutofanya chochote nilikuwa nimekuwa fundi, kwa hiyo nilijifunza haraka kuliko alivyotarajia.

Alikuwa mkali kwa mambo mengine. Vimiba vya ndoana tuliviponda kwa koleo ili samaki asichanike. Mikono ililoweshwa kabla ya kumgusa. Kila samaki alirudishwa, na alirudishwa kwa heshima, ukimshika mkiani huku kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka ajitoe mwenyewe. Kwangu mimi huo ulikuwa utaratibu mzuri sana. Mtu asiyekula samaki angetaka nini zaidi? Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba simu zibaki kwenye magari. Nayo niliipenda, wala sitajifanya kwamba nilishurutishwa. Kwa saa tatu hakuna aliyeweza kunipata, hata yeye aliyekuwa Kisumu.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Februari, mwaka wa pili wa korona. Tulikwenda Nepean mimi na gari langu, yeye na lake, tukasimama mbali mbali kama ilivyotakiwa. Tangu saa kumi na moja jioni hatukupata kitu. Saa moja na nusu jirani akasema tufungashe. Nikamwambia mara moja tu ya mwisho. Kulikuwa na mti wa mvinje ng'ambo, matawi yake yamegusa maji, na pale chini tayari palikuwa na kivuli kizito. Chambo kilipita chini ya tawi bila kugusa jani. Nikangoja, nikahesabu, nikatikisa. Maji yakapasuka.

Sijui ilichukua muda gani. Alikimbilia mizizi mara mbili, nikamgeuza mara mbili, mshipi ukalia kwenye rili, kigurudumu chake cha fimbo. Jirani alikuwa amesahau umbali wa korona, amesimama begani kwangu akinong'ona niende polepole. Tukampima kwenye mkeka uliolowa: sentimita arobaini na moja. Mzee alisema kuna watu wamevua mto ule miaka mingi bila kumgusa wa namna hiyo. Hatukuwa na simu, kwa hiyo hakuna picha. Nikapiga magoti majini nikimshika mkia, naye alikuwa amechoka, alikataa kuondoka, nikamngoja. Nilihisi furaha. Nakumbuka kwa sababu ilinishtua kama mtu aliyeguswa mahali palipokufa ganzi. Kisha akatoka mkononi, akaenda.

Nilipofika kwenye gari ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kwenye simu kulikuwa na miito kumi na mmoja ya mke wangu, namba tatu za siri kutoka benki, na ujumbe mmoja baada ya mwingine. Wakala wa tiketi wa Nairobi alikuwa amepata kiti kimoja, mtu amejiondoa, safari baada ya siku nne. Kadi ni yangu, na malipo hayapiti bila namba ambayo benki hutuma kwenye simu yangu. Wakala alimshikia hadi saa sita mchana kwao, yaani saa mbili kwetu. Alikuwa amepiga hadi wodini kuuliza kama nimeshafika zamu ya usiku. Wodini walimwambia siko kwenye zamu, siku hiyo wala usiku huo.

Nilimpigia. Nikamwambia nililala, simu ikaisha chaji. Akasema sawa, kiti kimeenda. Nikangoja nijisikie vibaya na sikujisikia vibaya. Nilikuwa na harufu ya samaki mikononi, nikanawa.

Kiti kingine kilipatikana Novemba, mipaka ilipofunguliwa. Katika miezi ile tisa tulizungumza kila Jumapili, tukaulizana hali ya hewa na afya ya mama. Sydney ikafungwa tena, na wakazi wa huku kwetu magharibi tukabanwa kuliko wa ufukweni, mto ukawa mbali hata kwa gari. Hakuwahi kuuliza nilikuwa wapi jioni ile. Nilijua anachofikiria, nikaona ni nafuu kumwacha afikirie.

Aliporudi alikuwa amekonda, na nyumbani alitembea kama mgeni, akiniuliza taulo ziko wapi. Wiki nzima alilala chumba kingine akisema ni uchovu wa safari. Jumamosi mchana nilikuwa naosha vyombo, akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Niambie ukweli," akasema. "Ile siku ya seat, ulikuwa kwa nani?"

"Nilikuwa mtoni Nepean na huyu mzee wa next door. Tulikuwa tunavua samaki."

Alicheka, cheko fupi la mtu aliyetukanwa. Kisha akanitazama vizuri, akaona kwamba sina akili ya kutunga uongo wa namna hiyo. Akavuta kiti. Nikamwambia yote, nyenze wa plastiki, simu kwenye gari, mvinje, ile mara moja ya mwisho. Nilimwambia hata kwamba tulishaanza kufungasha. Akauliza kama nilipata kitu. Nikasema nilipata mmoja, mkubwa.

"Ulimpikia nani?"

"Nilimrudisha majini."

Nikafunga maji ya bomba. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Miezi tisa nimekuchukia juu ya mwanamke," akasema. "Nilikuwa nimeshamjua hadi sura. Sasa unataka nianze upya na samaki? Samaki mwenyewe hata hukumla?"

Nilisema pole. Ilitoka kama ninavyowaambia jamaa za wagonjwa, sauti tulivu, kichwa kimeinama kidogo. Aliitambua sauti hiyo, naye pia amefanya kazi ya kuhudumia wazee.

"Hiyo ni ya kazi," akasema. "Sema tena."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa, akasema, "Tena." Nilipofungua mdomo mara ya tatu nililia, kama siku ile chooni kazini, na yeye hakuinuka kwenye kiti.