Sahani za Waziri wa Hanova

"Na huyo Mjerumani wako, mwishowe alirudi kwao?" Shangazi Mghoi aliniuliza hivyo kituoni Ilford, pembezoni mwa Landani, kabla hata hajanipokea begi. Nimesoma historia hadi chuo kikuu, lakini jibu sikuwa nalo.

Nilikuwa nimetoka Voi kwa sababu mbili. Kwanza, tasnifu niliyokuwa ndiyo kwanza naianza ilihusu waziri Mjerumani aliyehamia Landani pale ukoo wa kifalme wa Hanova ulipopata taji la Uingereza. Alianza kama karani, akapanda hadi kuwa mshauri, akatumikia wafalme wawili, baba na mwana. Pili, baba alinituma. "Kamuulize dada yangu anarudi lini. Nyumba yake imekwisha kujengwa, inakaliwa na popo."

Ilford, shangazi, ambaye ni muuguzi, alinilaza chumbani kwake. Chini ya kitanda palijaa makasha ya sahani zilizofungwa kwa karatasi.

"Hizo usiguse, ni za nyumba ya Voi," alinionya. "Hapa tunatumia za plastiki."

Jumamosi asubuhi tulipanda treni hadi katikati ya jiji, kwenye jumba la makumbusho. Sahani za waziri zilikuwa ndani ya kabati la kioo. Kibao kilieleza kwamba aliziagiza kwa ajili ya nyumba aliyojijengea kwao Ujerumani. Mimi siamini vibao. Niliinama nikazitazama zenyewe.

"Hazina hata mkwaruzo wa kisu. Shangazi, huyu hakuzitumia kula kamwe."

"Labda alikuwa mwangalifu."

"Maisha yake yote?"

"Ubishi huo ni wa baba yako mtupu," alisema, lakini hakucheka. Naye aliinama akazitazama sahani, mkoba ameukumbatia kifuani.

Jioni nilikuta makasha yamefunguliwa. Alikuwa amepata muhogo dukani, akauponda na maharagwe kuwa kimanga, chakula cha kwetu, akakipakua kwenye sahani zenye ukingo wa dhahabu.

"Sasa nimwambie baba nini?"

"Aweke mpangaji. Mwenye watoto wengi, wawafukuze hao popo."

"Kwa hiyo hurudi?"

"Nitakuja kuwasalimia. Kula, kinapoa."

Nyumbani Voi, baba alinuna siku nzima, kisha akaenda kutafuta mpangaji. Tangu hapo siulizi tena mtu wa ughaibuni anarudi lini; nauliza anakula nini.

Miaka baadaye ndipo nilipojua kwamba waziri hakurudi kwao, na kwamba sahani zile za kabatini zilikuwa nakala. Zake halisi zilivunjika moja baada ya nyingine, mezani pake, hapo hapo Landani.