Sindano ya Magunia na Gitaa la Sapiwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Luhende Mabula anafunga amplifaya nyuma ya pikipiki yake kwa mipira miwili iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Gitaa amelivaa mgongoni, ndani ya mfuko wa salfeti ulioshonwa kwa mkono. Anauvuta mpira mara ya mwisho kuona kama umeshika, kisha anaangalia kulia na kushoto, kama mtu anayetoka kwenye nyumba isiyo yake.

"Majirani wanajua ninakokwenda," anasema. "Lakini mazoea ya kujificha hayaishi kwa siku moja."

Ni Jumamosi, na Luhende anakwenda kufundishwa. Ana miaka 45.

Mjini Bariadi anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kusuka upya waya za mota zilizoungua, za pampu za maji na za vinu vya kusaga. Kibanda chake kipo karibu na maduka ya vipuri, na sakafu yake imejaa vipande vya waya wa shaba vinavyonasa kwenye ndala za wateja. Mota ndogo humpatia kati ya Sh25,000 na Sh40,000. Wiki nzuri huleta mota nne. Wiki mbaya haileti hata moja.

La pili ni gitaa. Akilishika, nyuzi zinanguruma, zinakwaruza, zinapanda mpaka watoto wanaziba masikio huku wakicheka. Waliowahi kusikia muziki wa nje huuita roki nzito. Watu wa Bariadi huuita mlio wa jineri, kwa kuwa unafanana na mashine za kuchambua pamba zinapowashwa zote kwa pamoja.

"Huyu angezaliwa Ulaya angekuwa na nyumba yenye bwawa la kuogelea," anasema Gharib, muuza vipuri anayempigia besi. "Hapa nikimwambia kuna harusi, ananijibu ngoja nimalize mota ya kinu."

Luhende hacheki. Anasubiri Gharib aingie dukani kwake ndipo aseme.

"Kila wakinisifu natamani ardhi ipasuke inimeze. Ule mlio si wangu. Kuna mtu alinipa, na mimi nikamkana mbele ya mkoa mzima."

Mtu huyo ni Nyanjige Kwandu, mjane wa miaka 67, mkulima wa pamba katika kata ya Sapiwi.

Mwaka 1979 Nyanjige aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi yake ikiwa kulisha pamba kwenye mashine. Aliifanya kwa miaka kumi na tano. Katikati ya miaka hiyo alikuja fundi wa kigeni kutengeneza mitambo, akakaa miezi mitatu. Nyanjige alikuwa akimfulia nguo. Alipoondoka alimwachia kaseti saba zisizo na maganda wala majina. Mpaka leo Nyanjige hajui waliopiga magitaa yale ni akina nani.

Wenzake walisema ni kelele tupu. Kwake ulikuwa muziki wa kwanza kumfikia sawasawa, kwa sababu masikio yake yalishinda kutwa nzima kwenye mngurumo wa mashine.

"Nyimbo za taratibu nilizisikia kama mtu anaongea nyuma ya ukuta," anasema. "Zile kaseti zilikuja mpaka nilipokaa."

Gitaa alikuwa amejifunza tayari kwenye kwaya ya kanisa. Lililomsumbua ni namna ya kuupata ule mkwaruzo. Jioni moja alichukua sindano ya kushonea magunia ya pamba, akaitoboa karatasi ya spika tundu moja. Akapiga, akasikiliza. Akatoboa la pili. Aliendelea hivyo mpaka sauti ikapasuka jinsi alivyotaka.

Wazee wa kanisa walivumilia Jumapili mbili. Ya tatu wakamwomba arudi kwenye kuimba.

Tangu hapo alipiga nyumbani kwake, na mara chache kwenye ngoma za mavuno, huku watu wakicheka mwanamke aliyekumbatia gitaa. Sauti yake ilirekodiwa mara moja tu, kwenye kaseti moja. Miaka kadhaa baadaye ndugu yake aliichukua akarekodia mahubiri juu yake.

"Mahubiri ni mazuri," anasema Nyanjige. "Lakini kulikuwa na kaseti nyingine tupu."

Luhende alimkuta mwaka 1999. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza ufundi wa mota, na ametumwa kwa baiskeli kurudisha mota ya kinu kwa jirani wa Nyanjige. Alisikia mlio ule akiwa barabarani, akashuka. Jumamosi iliyofuata alirudi bila kutumwa. Alikwenda kila Jumamosi kwa miezi kumi na minne.

Nyanjige alimfundisha kuwasha wimbo na kuupandisha. Alimwonyesha spika na yale matundu, kisha akampa spika yenyewe. Sehemu ya mwisho, ya kuuzima wimbo, alimwahidi baada ya mavuno.

Kabla ya mavuno vijana wenzake mjini waligundua.

"Kila Jumamosi waliniuliza kama nimekumbuka kubeba kitenge," anasema Luhende. "Mmoja akaniuliza, 'Huyo mayu anakufundisha gitaa au kukoroga uji?' Nikacheka nao. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Sikumuaga."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Luhende alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, na anasema neno hilo ndilo linalomchoma zaidi.

Katika mashindano ya ngoma huku Simiyu, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Watu huenda wanakovutwa, na kundi lililozungukwa na wengi ndilo limeshinda. Lakini kwenye kundi analopigia Luhende, anayeongoza haanzi hivi hivi tu. Hujitaja jina, hutaja anakotoka, kisha humtaja aliyemkabidhi ngoma. Luhende amesimama mbele ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na amewahamisha wengi kutoka upande wa pili kwa mlio wa jineri. Jina lake hulitaja. Bariadi huitaja. La tatu amekuwa akiliruka.

Julai 2021 redio moja ya huku ilimwalika. Alipiga wimbo mmoja, kisha mtangazaji akamuuliza nani alimfundisha.

"Nilikuwa na jina lake mdomoni kabisa," anasema. "Nikawaza vijana wa mjini wanasikiliza. Nikasikia ninajibu, 'Hakuna. Nimezaliwa nacho. Hata spika niliitoboa mwenyewe.' Mtangazaji akasema hicho ni kipaji cha Mungu. Nikaitikia."

Kwa miaka mitatu alijiambia kwamba Nyanjige hakusikia. Novemba mwaka jana Kija, mke wa mtoto wa Nyanjige, alifika kibandani akiwa na mota ya pampu kichwani.

"Mwangaluka, fundi," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Hii imeungua. Mayu amesema iletwe kwako, si kwa mwingine."

"Mayu yupi?"

"Aliyekufundisha gitaa. Au siku hizi humkumbuki?"

Luhende aliinama akaanza kufungua skrubu. Kija hakuondoka. Alimsimulia kwamba siku ile ya redio Nyanjige alitandika mikeka, akachemsha karanga, akawaita wanawake sita wa jirani, walewale waliomcheka miaka yote. Wakati huo alikuwa bado anasikia kidogo akilaza sikio kwenye redio. Aliwaambia, leo mtasikia jina langu. Wimbo ukapigwa. Swali likaulizwa. Jibu likatoka. Nyanjige akanyoosha mkono akaizima redio.

"Akawaambia betri zimeisha," Kija alisema. "Zilikuwa betri mpya, fundi. Nilizinunua mimi asubuhi ile."

Kusuka mota ni kuhesabu. Ukikosea idadi ya mizunguko ya waya, mota inaungua tena. Luhende anasema siku hiyo alianza kuhesabu mara tatu, na mara tatu akapotea.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Sapiwi na kilo mbili za sukari. Alikuwa amepanga maneno ya kusema taratibu, wakiwa wawili tu. Hakujua kwamba masikio ya Nyanjige yalikuwa yamekwisha.

"Mayu, nimekuja kuomba msamaha."

"Nini?"

"Msamaha."

"Ongea, ng'wanawane, mwanangu. Unanong'ona kama mchumba."

Alirudia, hakusikika. Akapaza sauti kidogo, na wanawake waliokuwa wakipepeta choroko nyumba ya pili wakaacha ungo. Mara ya nne Luhende alisimama katikati ya uwanja akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kwamba alisema redioni hakufundishwa na mtu. Kwamba aliyemfundisha ni yeye, Nyanjige. Kwamba spika aliitoboa yeye, kwa sindano ya magunia. Kwamba alimficha kwa sababu aliona aibu kusema amefundishwa na mwanamke.

"Kitongoji kizima kilisikia kabla yake," anasema Luhende. "Hata ng'ombe waliinua vichwa."

Nyanjige aliiangalia ile sukari.

"Siku ile redio ilikata," alisema. "Betri."

"Betri zilikuwa mpya, mayu."

Luhende akaahidi, kwa kelele zilezile, kwamba kwenye mashindano ya Julai atalitaja jina lake mbele ya watu wote. Alitegemea angalau atatikisa kichwa. Nyanjige alikunja uso.

"Unitaje, halafu upige vile? Kule redioni, pale mwisho uliuzima wimbo kama mtu anayekimbia mvua. Watu watasema mwalimu wake ndiye huyu? Utaniaibisha mara ya pili."

Ndiyo sababu ya pikipiki na amplifaya kila Jumamosi. Huu ni mwezi wa sita tangu aanze.

Leo Luhende anafika Sapiwi jua likiwa bado halijakaza. Pamba zimeanza kupasuka mashambani. Mwanamke mmoja anayepita na ndoo anapunguza mwendo.

"Fundi, kitenge umebeba leo?"

"Nimebeba," anajibu Luhende, bila kuinua macho.

Nyanjige ametoka tayari. Anakaa kwenye kigoda, anasubiri spika iwekwe mbele yake kwenye kiti, kisha anaweka kiganja cha kulia juu ya karatasi yake; siku hizi husikiliza kwa mkono. Ni ileile spika ya sindano, ambayo sasa imo kwenye amplifaya ya Luhende. Matundu yake yamezibwa na kutobolewa upya mara nyingi, na vidole vya Nyanjige vinajua kila moja lilipo.

Luhende anapiga. Kuku wanatawanyika. Nyanjige amefumba macho. Muda wote wa kuwasha na kupandisha, kiganja kimetulia. Wimbo unapofika karibu na mwisho anakiinua, kama mtu aliyegusa sufuria la moto.

"Umezima," anasema. "Nani amekwambia uzime? Mashine haizimwi. Unaondoa mkanda, gurudumu linaendelea lenyewe."

Sehemu hiyo, anaeleza, aliitunga mwaka 1994, siku kiwanda kilipofungwa. Walipoondoa mkanda, gurudumu kubwa liliendelea kuzunguka, na sauti yake ikawa inashuka pole pole. Wafanyakazi walikuwa wengi, na wote walikuwa wameshaambiwa waende nyumbani.

"Hakuna aliyeondoka mpaka liliposimama," anasema. "Wengi wao wamekufa. Nikiupiga huo mwisho nawaona walivyosimama. Huyu anataka kuwafukuza mlangoni."

Luhende anarudia. Kiganja kinainuka. Anarudia tena. Jasho linamtiririka kwenye nyusi na hathubutu kulifuta. Safari hii anaziachia nyuzi zilie zenyewe, anazifuata kwa kidole kimoja tu, anazishusha kidogo kidogo. Mlio unakuwa mnene, unapungua, unakuwa mtetemo. Unaendelea hata baada ya wengine uwanjani kudhani umekwisha. Kiganja cha Nyanjige hakijainuka bado.

Kinapoinuka, mlio umekwisha kweli. Nyanjige anajifuta mkono kwenye kanga.

Luhende anasema hataki sana utajiri wa gitaa. Angependa kupata spika nyingine ili hii aitunze, na angependa Nyanjige arekodiwe kabla vidole havijakataa kama masikio. Lakini kabla ya yote anataka asimame Julai na kuyataja majina matatu kama inavyotakiwa.

"Nimepanga nianze na lake," anasema. "Langu litakuja la mwisho. Kama ataniruhusu."

Kija anainama na kulipaza swali hilo kwenye sikio la mama mkwe wake. Je, atajwe? Nyanjige anamwangalia Luhende, ambaye ameinamia nyuzi zake kama anazihesabu.

"Hayo mashindano wanafanyia wapi?"

"Hapahapa Sapiwi, mayu," Kija anapaza sauti. "Uwanjani."

Nyanjige anaigeukia spika.

"Basi spika isiwekwe juu ya kiti," anasema. "Iwekwe chini, kwenye udongo. Nitavua viatu."