Mkono wa Bibi Ndani ya Mashine

Harufu ya sabuni ya unga ikichanganyika na mafuta ya taa na sufu iliyolowa, hiyo ndiyo London yangu ya kwanza. Watu wakiniuliza niliuonaje mji huu nilipoletwa kutoka Unguja, miaka ile baada ya mapinduzi, wanangoja niwaambie habari za theluji au majumba. Theluji niliiona, ndiyo, tena nikailamba nikapigwa kofi. Lakini kitu kilichokaa ndani yangu hadi leo ni jiko dogo la ghorofa ya juu kule Kenton, madirisha yamefunikwa mvuke, nguo zinaning'inia mpaka juu ya meza ya kulia, na mimi nimesimama mlangoni kila Jumamosi nikiutazama mkono wa bibi yangu, nikiogopa kwamba siku moja utaingia ndani ya mashine usitoke.

Mashine yenyewe Baba aliinunua kwa mwenzake wa kazini, tayari imeshatumika, wakaipandisha ngazi wawili huku wakitukanana. Ilikuwa ya kufunguliwa juu, yenye matundu mawili. Tundu kubwa la kufulia, na pembeni yake tundu jembamba lenye pipa la bati la kukamulia. Unavuta mpira kutoka bombani, unajaza maji ya moto, unatia sabuni, nguo zinapigwapigwa humo. Kisha unazitoa kwa koleo la mbao, maana zinaunguza, unazihamishia kwenye pipa lile jembamba, na pipa linazunguka mbio mpaka maji yote yanatoka kwa mpira mwingine unaoning'inia kwenye sinki. Siku hizi mtu anabonyeza kidude akaenda zake. Wakati ule ulikuwa unafua pamoja na mashine, na ukiipa mgongo tu ilikuwa inafanya visa.

Visa vyake vilikuwa vingi. Ukirundika nguo upande mmoja wa pipa, ilikuwa inaruka. Hasa kanga, ambazo zikilowa hujisokota zikawa kamba moja nene. Mashine ilikuwa inatembea jikoni kama mtu mlevi, ikivuta mipira yake nyuma, na mimi napanda kiti. Baba alitufundisha kuzitandaza nguo kwa kuzunguka pipa, kuweka kile kisahani cha mpira juu yake, na kusafisha kichujio cha nyuzinyuzi kabla hakijaziba. Mguu mmoja uliokuwa mfupi aliuwekea kipande cha ubao. Na akaniapisha, mimi hasa, kwamba nisiguse plagi nikiwa na mikono mibichi au sakafu ina maji. "Umeme haukuonyi," alisema. "Unakuchukua tu." Maneno hayo niliyashika kuliko yote niliyofundishwa skuli, na skuli yenyewe nilikaa nyuma, sijui Kiingereza, na baadaye nikaitoroka moja kwa moja. Lakini hayo si ya leo.

Tatizo lilianza na Bibi, mama yake Baba. Bibi alilitazama lile tundu kubwa, akaona nguo za watu wote na nepi za mdogo wangu zikizunguka ndani ya maji yale yale ya kijivu, akasema nguo hizo ni safi lakini si twahara. Hawezi kusimama kwenye mswala nazo. Lazima maji mapya yapite juu ya nguo, yaingie na yatoke, mara tatu. Akapata njia yake: nguo zikiwa kwenye pipa la kukamulia, anafunua kifuniko, anamimina maji kwa jagi, huku pipa linazunguka na kuyatupa nje. Wazo lenyewe si baya, mnaliona. Ila kila akifunua kifuniko, pipa lilikuwa linasimama.

"Mashine yako mbovu," alimwambia Baba. "Nikiifunua inakufa."

Baba akainama, akachungulia, akakuta kwenye ukingo wa kifuniko kuna ulimi mdogo. Kifuniko kikifungwa unabonyea, kikifunuliwa unachomoka, na mashine inazima. Basi akaubana ule ulimi kwa kijiti cha kiberiti. Pipa likawa linazunguka wazi. Bibi akamwombea dua ndefu pale pale. Mama peke yake hakufurahi, akasema, "Waliouweka ulimi huo walikuwa wana sababu yao." Baba akamjibu kwamba waliouweka hawasali.

Tangu hapo nikaanza kuogopa. Nilikuwa nasikia pipa likinguruma na kuuona mkono wa Bibi ukienda na jagi juu ya ule mdomo mweusi, ukitetemeka kidogo, maana alikuwa mzee na chumba kina baridi. Alijifunika kanga kichwani nyumbani na nje, na ncha yake ilikuwa inaning'inia mbele. Nilikuwa naitazama ile ncha. Nikimwambia, alikuwa ananicheka: "We mtoto, una woga wa paka." Usiku nilikuwa naota namtafuta Bibi ndani ya pipa, nazitoa nguo moja moja, yeye simwoni.

Siku ilipofika ilikuwa Jumamosi ya baridi kali. Baba yuko kazini, Mama kampeleka mdogo wangu kliniki. Nipo mimi na Bibi. Akamimina jagi la kwanza, akamimina la pili. La tatu akainama zaidi, na ncha ya kanga ikatelemka.

Sikuona ilivyoingia. Niliona kanga inamtoka kichwani kwa nguvu, naye anaishika kwa mkono wa kulia ili isiende, na kanga ikamzunguka mkono, ikamvuta. Jagi likapasuka. Kifua chake kikagonga bati. Bibi hakupiga kelele. Alianza kutoa shahada, polepole, kwa sauti ya chini, na mimi nilijua nani anayesomewa shahada na wakati gani.

Plagi ilikuwa ukutani, karibu yangu. Sakafu ilikuwa imejaa maji, na mimi miguu mitupu. Niliitazama, nikausikia ule usemi wa Baba. Sikuweza. Nikatoka mbio hadi kwenye ngazi nikapiga kelele jina la mwenye nyumba.

Alikuwa anaitwa Mama Jyoti, Mhindi aliyehamia kutoka Kisumu, anakaa chini. Sisi watoto tulikuwa tunamwogopa kama polisi. Akatokea na unga wa chapati mikononi.

"Wewe toto, nini naruka juu ya kichwa yangu kila siku?"

"Mashine inamla Bibi!"

Akajitupa chini ya ngazi, kwenye kabati la mita ya umeme, akavuta swichi kuu. Nyumba nzima ikanyamaza, isipokuwa lile pipa, ambalo liliendelea kuzunguka peke yake, likishuka sauti taratibu. Tukapanda. Mimi nikaishika kanga nivute.

"Usivute! Ngoja. Ngoja isimame."

Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo tena, hata nilipokuwa nazaa. Liliposimama, Mama Jyoti aliizungusha kanga kinyumenyume, mkunjo baada ya mkunjo, huku akimwambia Bibi, "Bado hapa, mama, bado hapa," mpaka mkono ukatoka. Ulikuwa na vidole vyake vyote. Ila kidole cha shahada kilikuwa kimelala upande ambao kidole hakilali.

Hospitali walikifunga, lakini hakikunyooka tena. Jioni Baba alirudi, akasimama mbele ya mashine na koti lake mwilini, akakichomoa kile kijiti. Bibi akamwita.

"Usinitazame hivyo. Mimi niliomba, wewe ukanifungulia. Ile mashine ilikuwa na akili kutushinda sote wawili. Na kidole kipo, kimegeuza shingo tu."

Tangu siku ile nilisali ubavuni kwake, na kila alipofika kwenye kikao cha tahiyatu akakiinua, kile kidole hakikuelekea mbele. Kilikuwa kinatazama mlango wa jiko. Alisali hivyo mpaka alipofariki, na sikumsikia akikilalamikia.

Sasa ninakaa Croydon, London hii hii, na mashine yangu pia ni ya kufunguliwa juu, niliitafuta hasa kwa sababu ya mgongo wangu. Inajifunga yenyewe. Hata uombe vipi haifunguki mpaka pipa lisimame, kisha inalia kidogo, tak, na taa inazima. Mjukuu wangu, anayenielewa lakini hunijibu kwa Kiingereza, hunicheka, kwa sababu nikiisikia ile tak bado nasimama, kanga nimeifunga nyuma ya shingo, mikono kifuani.

"Ngoja," namwambia. "Ngoja isimame."

Ananionyesha taa. Imeshasimama, anasema. Najua imesimama. Nangoja tu. Kisha nguo zangu za kusalia nazichukua hadi bafuni, mbali na mashine, nazimiminia maji kwa jagi mara tatu, naye anasimama mlangoni ananitazama mkono.