Mzungu wa Ukraine Aliyemzika Mama Yangu

Mpaka leo nikimkumbuka yule mwandishi wa Ukraine, roho inanichafuka.

Tulikuwa nyumba moja, Morningside, mtaa wa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi mpishi, yeye mpangaji wa chumba cha uani. Kazi yake kutunga hadithi, na ili apate kula akilipelekea gazeti la kwao habari za Durban. Basi kila nikimenya viazi, huyo, kaja na maswali. Tanga kukoje, baba yuko wapi, mama je. Nami mjinga nikamjibu. Nikamwambia mama anaumwa kifua, na mimi sina karatasi za kunirudisha nyumbani kumwona.

Siku moja akaingia jikoni anachekelea, gazeti lenye hadithi yake limemfikia kwa posta, akaanza kunitafsiria kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. Nasikia mama kafa. Kazikwa ndani ya jeneza, mishumaa huku na huku, na mimi nimepiga magoti kaburini nalia. Jeneza na mishumaa! Mama yangu mimi, mtu wa swala tano! Uchuro gani huu? Nikamuuliza nani kamwambia mama kafa. Akasema bila kaburi wasomaji wake wasingelia.

Nikampa achague: tufuatane akamwombe mama radhi kwa simu, au kuanzia leo ajipikie. Analipenda tumbo lake yule, akanifuata.

Tukaenda duka la simu la Mkongomani, mjini. Akatuonyesha kibanda, "Simu iko, dada." Jirani yetu kule Tanga akamwita mama. Nikamwamkia, nikamwaga yote kwa ghadhabu, nikingoja naye amtukane. Mama akakohoa, akakohoa tena. Kisha akauliza ni nani aliyemwosha. Nikasema hilo hakuliandika. Na sanda? Nikasema hakuna sanda.

"Mwambie kufa kwangu akuache kama kulivyo," mama akasema. "Arekebishe maziko tu. Na wewe akutoe pale kaburini, mwanangu. Hutawahi kunizika."

Yule bwana alikuwa kando yangu, kalamu tayari mkononi, ananivuta mkono wa gauni. Kasema nini? Kasema nini mama?

Nikamwambia kamsamehe. Yale mengine sikumwambia, angeyaandika.