Shamba Linaishia Kwenye Urukangaga

Baba yangu alitoka Buhinyuza akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia ukimbizini Tanzania, akarudi kwao na mvi. Urithi wake ulikuwa maneno ya babu tu: "Shamba letu linaishia kwenye urukangaga." Aliporudi akateremka bondeni, akakuta majani marefu yamesimama majini, akasema ni hapo. Tatizo ni kwamba kabla ya kuyafikia kulikuwa na matuta ya maharage ya jirani yetu, mjane. Baba alitaka kumshtaki kwamba amelima ndani ya shamba letu.

Akaniita kutoka Gitega nilikoolewa, nije niwe shahidi wake. Mama mkwe wangu husuka mikeka ya urukangaga, na kila kiangazi hunikokota bondeni kuukata. Ukikata jani lisilo lenyewe, analitupa. Mimi ni mbishi, lakini kwa hilo nilifundishika.

Nilitazama mara moja tu, nikajua amekosea. Baba alikuwa ameshikilia mafunjo, yale yenye nywele kichwani, yanayopenda kusimama ndani ya maji. Urukangaga hauna nywele hizo. Una majani mapana yenye makali, nao hukaa pembeni, penye tope la kukanyagika. Nikaanza kukwea kurudi juu, baba nyuma yangu. Kwenye tuta la juu kabisa, chini tu ya migomba yetu, nikaona machipukizi matatu katikati ya maharage. Nikapapasa shina, lina pembe tatu. Nikavuta jani, likanikata kidole.

"Iyo iko inarudi kila mvua," mjane akasema, akitujia na jembe begani. "Mi nang'oa, yenyewe inaota. Zamani maji ilikuwa inafika mpaka apa, tukachimba mfereji, ikashuka uko chini."

Ningeweza kunyamaza. Damu ni nzito kuliko maji, na baba asingejua kamwe. Nilimwonea baba huruma mpaka nikamkasirikia.

"Baba, urukangaga ni huu. Shamba letu linaishia hapa."

Akainama, akalisugua jani kwa vidole, muda mrefu.

"Miaka yote nautaja," akasema, "kumbe sura yake siijui."

Kisha akamgeukia mjane.

"Mama, maharage ni yako, nisamehe. Ila haya matatu naomba usiyang'oe. Baba yangu hakuniachia hata picha."

Mjane alishusha jembe, akaanza kupalilia, na alipoyafikia yale machipukizi akayazunguka.