Betri Langoni, Balbu Jikoni

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji moja ya Kitale, nikiishi mtaa wa Kibomet, na nilijiona mtu mkubwa sana. Msichana niliyetaka kumwoa alitoka karibu na Kamukuywa. Baba yake, aliyekuwa na kinu cha kusaga mahindi kinachoendeshwa na maji, hakuniona mkubwa hata kidogo.

"Hauna ng'ombe, hauna shamba. Ati kazi yako ni waya," alisema akinitazama toka kofia hadi viatu. "Basi kuja uwashe taa kwa jiko ya mama. Ikiwaka, tutaongea. Ikikataa, njia ya Kitale si unaijua?"

Taa tu? Nilicheka njia nzima. Jumamosi nilidandia lori la mahindi nikiwa nimepakata betri ya volti kumi na mbili, balbu ya taa ya mbele ya gari, na majivuno ya kutosha kijiji kizima.

Nilichosahau ni adabu. Kwetu mwanamume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na hata wakikutana njiani mmoja anachepuka vichakani. Mama wa msichana alikuwa jikoni akisonga ugali, kwa hiyo huko nisingekanyaga. Nikaiweka betri langoni, nikaunga vipande vya waya wa ua vilivyoshika kutu, nikavivuta kwa mistari miwili uani hadi kwenye mlango wa jiko. Mchumba wangu akazipokea ncha, akazifunga kwenye balbu, akaitundika.

"Imewaka?" nikauliza kwa sauti.

Mchumba wangu akacheka. "Imekuwa nyekundu kidogo," akajibu. "Kama jicho ya mtu ana homa."

Nilimpenda yule msichana, na niliogopa kweli kwamba ningerudi Kibomet bila yeye. Mzee akaja, mikono nyuma, akitaka maelezo. Ikabidi nimweleze kwa lugha ya kinu chake.

"Mzee, volti ni kama ule mteremko wa maji yako, ndio inasukuma. Mkondo ni maji yenyewe inapita. Sasa mfereji ikiwa refu, nyembamba, imejaa matope, maji inafika kidogo tu. Hiyo kuzuia ndio tunaita ukinzani. Betri ni nzima, balbu ni nzima. Waya yangu ndio mfereji mbaya."

"Si usogeze betri kwa jiko, bana."

"Kuna mama."

Mzee akatazama jiko, akanitazama mimi, mabega yakaanza kumtikisika. Hakunisaidia.

Ndipo sauti ya mama ikatoka jikoni, ikimwambia bintiye: "Muulize huyo mtu, hiyo kitu inauma?"

"Mwambie haiumi," nikajibu. "Lakini asiinamishe. Iko na asidi!"

Nikakimbilia nyuma ya ghala, nikageukia ua. Mama akaja mwenyewe langoni, akaibeba betri kwa mikono miwili hadi jikoni. Nikaendelea kutoa maagizo nikiwa nimeupa ua uso: akate waya, abakishe vipande viwili vifupi, akwangue kutu, afunge. Mchumba wangu alirudia kila neno, ingawa mama alikuwa akinisikia vizuri kabisa.

Balbu ikawaka hata mwanga ukamwagika nje mlangoni. Mama akapiga ukelele. "Kumbe masizi ni mingi hivi!"

Mzee akanijia pale ghalani. "Taa imewashwa na bibi yangu. Wewe umefanya nini, zaidi ya kuongea na ua?"

Aibu ilinishika, nikaanza kukunja waya uliobaki.

"Wewe msichana," mama akaita kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie baba yako huyo mtu haendi mahali. Hii kitu ikizima, mimi nitaita nani?"

Mzee akakuna kichwa, akaniambia nikae tuongee.